Aliyeandikwa Kuwa Ameanguka

Kwa miaka kumi na tisa Optatus alikaa katika chumba cha kumbukumbu cha hospitali moja ya mwambao wa Lindi, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumrudishia hesabu kwa kosa. Kazi yake ilikuwa nyepesi kuieleza na nzito kuifanya: kulipokea faili la mgonjwa aliyekwisha kutibiwa, kuyasoma maandishi ya tabibu, kisha kuyageuza kuwa alama, herufi moja na tarakimu zake, kama zilivyopangwa katika kitabu kinachotumiwa na mataifa mengi. Malaria ina alama yake. Kuumwa na nyoka kuna alama yake. Mfupa uliovunjika una alama mbili: ya kwanza husema ni mfupa gani, ya pili husema kilichouvunja. Alama hizo huingizwa katika kompyuta, hujumlishwa, na jumla hupanda wilayani, mkoani, hadi wizarani. Na huko juu ndiko huamuliwa dawa ziende wapi, wauguzi waende wapi, na balaa lipi litangaziwe vita. Mgonjwa mwenyewe hasafiri na jumla hiyo. Akishageuzwa kuwa alama, hilo ndilo neno lake la mwisho, wala haulizwi tena.

Optatus aliichukua kazi hiyo kama amana. Wazazi wake walikuwa Wamakonde walioteremka kutoka uwanda wa juu kuja Lindi na biashara ndogo ya karanga na makopa ya muhogo, wakamsomesha kwa jasho hadi akapata cheti cha chuo. Aliishi Mitwero, akienda kazini kwa baiskeli, shati limechomekewa, kalamu mbili mfukoni. Mkewe Agnes alizoea kumtania: "Siku nikiunguza wali, najua utaenda kuutafutia alama kitabuni." Naye hujibu bila kutabasamu, "Ajali za jikoni zimo, mama watoto. Zimo zote."

Kuliko maradhi yote aliipenda mifupa, kwa kuwa homa huweza kumdanganya tabibu, lakini mfupa uliokatika hauna hila. Aliyemfundisha kuusoma alikuwa mzee Twalib, mpiga picha za eksirei, ambaye sasa ni marehemu. Siku moja, Optatus akiwa bado mgeni kazini, mzee huyo aliinua picha mbili mbele ya dirisha. Zote mbili zilikuwa za kigasha, yaani sehemu ile ya mkono iliyo kati ya kiwiko na kiganja, ambayo ina mifupa miwili inayolala sambamba: mmoja upande wa kidole gumba, mmoja upande wa kidole cha mwisho.

"Huyu alianguka," alisema Twalib, akigonga picha ya kwanza kwa ukucha. "Mtu akianguka hutanguliza kiganja. Uzito wote unamjia hapa, karibu na kifundo, upande wa kidole gumba. Au mifupa inakatika yote miwili. Sasa mtazame huyu. Mfupa wa upande wa kidole cha mwisho, katikati, peke yake. Mwenzake mzima kabisa. Ukiona hivi, bwana mdogo, usiulize mti. Uliza fimbo." Kisha mzee akauinua mkono wake mwenyewe, akaukunja mbele ya uso, kigasha nje, kama mtu anayejikinga.

Optatus hakulisahau somo hilo. Lakini kanuni ya kazi yake ilikuwa moja, nayo aliifuata kama sala: aandikaye alama si tabibu. Huandika kilichoandikwa. Akiona shaka, ana haki moja tu, kumpelekea tabibu karatasi ya swali. Tabibu akijibu, jibu hilo ndilo litakalofuatwa.

Sasa yafaa ielezwe desturi iliyokuwa ikiishi katika dirisha la mapokezi la hospitali ile. Mtu aliyepigwa hutakiwa kuwa na fomu ya polisi, ile PF3, ili ushahidi wa jeraha lake uhifadhiwe. Ni utaratibu mwema, uliowekwa kumlinda aliyeumizwa. Lakini mikononi mwa watu waliochoka, kinga iligeuka kuwa uzio. Wapokeaji waliona ni heri mgonjwa aseme ameanguka, atibiwe, aondoke, kuliko aseme kweli na kurudishwa kituoni akiwa ameushika mkono uliovunjika. Waliita jambo hilo huruma. Na kwa kuwa ilikuwa huruma, hakuna aliyethubutu kuliita kwa jina lake la pili.

Ndivyo ilivyokuwa Kidawa alipofika mara ya kwanza. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, Mmwera, mkulima wa Kilangala. Chumba cha kumbukumbu kilitenganishwa na mapokezi kwa ubao mwembamba tu, na Optatus alisikia kila neno.

"Mkono umefanyaje, mama?" aliuliza Consolata, muuguzi wa zamu.

"Nimepigwa."

"Nani kakupiga?"

"Mwenye nyumba, mume wangu."

Consolata aliweka kalamu chini. "Sikia nikuambie, mdogo wangu. Nikiandika umepigwa, PF3 lazima. Kituoni huko ukute foleni, ukute hakuna fomu, mpaka urudi hapa chumba cha picha kimefungwa na tabibu kashaenda zake. Mimi nakuonea huruma. Basi nikuulize tena, taratibu: umepigwa, au umeanguka?"

Kidawa alikuwa ameupakata mkono wake wa kushoto kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake.

"Nimeanguka."

"Umeanguka wapi?"

Hakuwa amejiandaa kwa swali la pili. Akatazama huku na huku, kana kwamba jibu lingekuwa limebandikwa ukutani.

"Ah, tutaandika mkorosho," alisema Consolata, akiichukua kalamu. "Si ndio msimu wenyewe huu."

Tabibu Alex alinakili neno hilo kama alivyolikuta: ameanguka kutoka juu ya mkorosho. Faili lilipomfikia Optatus, picha ilionyesha mfupa wa upande wa kidole cha mwisho, katikati, peke yake. Alama ya kwanza haikuwa na shaka: S52.2. Ya pili ilimkaa kooni. Alichukua karatasi ya swali, akaandika kwa mwandiko wake wa kunyooka: "Je, umbo la mvunjiko huu linaafikiana na kuanguka? Tafadhali thibitisha sababu." Karatasi ilirudi kabla ya chai ya saa nne. Chini yake Alex alikuwa ameandika maneno matatu: "Andika kama ilivyo."

Optatus akaandika W14. Kuanguka kutoka mtini.

Mtu wa pwani hii ataliona kosa lilipo bila kuambiwa. Lakini Consolata alizaliwa kandokando ya Ziwa, naye Alex alikulia Dar es Salaam, na wote wawili korosho waliijua ikiwa imekwisha kukaangwa. Mkorosho haukwewi wakati wa kuvuna. Korosho iliyokomaa huanguka yenyewe pamoja na bibo lake, na kazi ya mwanamke ni kupalilia na kufagia chini ya mti ili aione, ainame, aiokote. Mama yake Optatus aliifanya kazi hiyo hadi mgongo ukagoma kunyooka. Watoto hukwea kuchezea matawi, na vijana hukwea kupogolea. Lakini mwanamke mwenye nyumba yake kukutwa juu ya mkorosho mwezi wa kumi na moja ni jambo ambalo kijijini lingesimuliwa mwaka mzima.

Hata hivyo, jibu alilopewa Kidawa lilikuwa limezaa. Wapokeaji waligundua kuwa mkorosho haugombi: hauna shahidi, hauna fomu, hauitwi kituoni. Miezi ikapita, na kila mwanamke aliyekuja na mkono uliovunjika akaangushwa kutoka mkorosho huo huo, hata katika miezi ambayo mikorosho haina tunda. Naye Optatus akaandika. Hakupeleka tena karatasi za swali, maana Alex alikuwa ameanza kumwita "Profesa" mbele ya watu, na wauguzi wakacheka. Tuseme kweli: mtu mwenye msimamo alishindwa na kicheko. Ukuta ungemshinda, tungemhurumia. Kicheko!

Mwisho wa mwaka uliofuata alizijumlisha alama zake. Walioanguka mikorosho walikuwa sitini na mmoja. Wanawake walikuwa hamsini na watatu. Na kati ya hao hamsini na watatu, arobaini na mmoja walikuwa na mfupa ule ule, mahali pale pale.

Alichapa barua ya ukurasa mmoja kueleza kuwa mvunjiko huo ni wa fimbo, si wa kuanguka, akaipeleka kwa mganga mkuu wa hospitali, Dokta Ignatius, mtu mpole mwenye shughuli nyingi. Dokta aliisoma akiwa amesimama.

"Hizi takwimu ni nzito sana, Bwana Optatus."

"Ndiyo, Dokta. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe."

"Nitazipeleka mkoani. Hili haliwezi kuachwa hivi."

Optatus alirudi Mitwero akipiga kengele ya baiskeli bila sababu. Agnes alishangaa kumwona akila huku anazungumza.

Miezi mitatu baadaye yalifika mabango. Yalikuwa na rangi nzuri. Yalimwonyesha mwanamke aliyevaa kitenge akiporomoka kutoka juu ya mti, mikono hewani, na chini yake maneno makubwa: MAMA, USIKWEE MKOROSHO. LINDA MIFUPA YAKO. Dokta Ignatius alikuwa amezisoma tarakimu. Maneno yaliyozizunguka aliyapitia juu juu. Akaagiza lianzishwe somo la asubuhi kwa kina mama wanaongojea kliniki, na kwa kuwa takwimu zilikuwa za Optatus, Optatus ndiye aliyetakiwa kusimama karibu na bango, huku Consolata akifundisha.

Kina mama walisikiliza kwa adabu hadi mwisho. Kisha bibi mmoja aliyekuja na mjukuu wake akainua mkono.

"Mwanangu, nikuulize. Mkorosho unaukwea unafuata nini huko juu? Korosho inakuja yenyewe chini."

"Ndiyo hivyo, bibi. Kwa hiyo msikwee."

"Nani kakwambia kwamba tunakwea?"

Mwanamke mwingine, aliyekuwa na kovu kwenye nyusi, akadakia kutoka benchi la nyuma: "Bibi, acha muuguzi afundishe. Huenda anausema mkorosho wa kwangu. Wa kwangu mimi una miguu miwili, na ukinywa uraka wa mabibo hauoni mtu!"

Mabenchi yote yalilipuka kwa kicheko. Walicheka hadi wengine wakajifuta machozi kwa pembe za khanga, na Consolata naye akacheka, kwa kuwa kicheko huambukiza. Optatus peke yake hakucheka. Alikuwa akiwatazama wakicheka na kuhesabu, bila kutaka, mikono iliyopinda.

Kidawa alirudi mara ya pili, mfupa ule ule, karibu na palipoungana. Akarudi mara ya tatu, safari hii mfupa huo huo wa mkono wa kulia. Hakusubiri kuulizwa. "Mkorosho," alisema dirishani, kama mtu anayetaja mtaa anakoishi. Na Optatus, upande wa pili wa ubao, aliandika W14 kwa mara ya tatu.

Lakini safari hiyo Kidawa hakuja peke yake. Alikuwa na kaka yake, Yasini, fundi baiskeli wa mjini, mtu wa maneno machache, aliyekwisha kumshawishi afungue shauri la kudai talaka. Baraza la usuluhishi lilikuwa limewapatanisha mara mbili, na mara mbili upatanisho ulivunjika pamoja na mfupa. Sasa shauri lilikuwa mahakama ya mwanzo. Majirani waliitwa, wakasema walisikia kelele lakini hawakuona. Mume, Abilahi, alikana. Lililobaki lilikuwa moja: hakimu aliagiza hospitali ilete faili, na mtunza kumbukumbu afike kulieleza.

Yasini alimngojea Optatus nje ya lango la hospitali.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Dada yangu anasema wewe ulisikia. Siku ya kwanza. Anasema ulikuwa nyuma ya ubao, na ulikohoa."

Optatus hakukumbuka kukohoa. Lakini alisikia, naam, alisikia, na alisema hivyo.

"Basi tumepona," alisema Yasini. "Faili likisema kweli, hakimu atampa talaka. Lisiposema, atamrudisha kwa yule bwana. Hakuna la tatu."

Siku nne zilibaki kabla ya siku ya mahakama. Kufuta kilichoandikwa ni kosa la jinai, na Optatus hakulifikiria hata kwa dakika moja. Lakini kanuni inamruhusu tabibu aliyemtibu mgonjwa kuongeza maelezo chini ya maandishi yake ya awali, akaweka tarehe na sahihi yake. Alimfuata Alex chumbani kwake.

"Tabibu, ongeza mstari mmoja tu. Kwamba mvunjiko huu, mara tatu, ni wa kupigwa na kitu, si wa kuanguka. Wewe umeziona picha."

"Profesa, usijipe presha," alisema Alex. Safari hii hakuwa akicheka. "Niliandika alichosema mgonjwa."

"Alisema hivyo baada ya kutishwa kwa PF3."

"Mimi sikuwepo dirishani. Na nikiongeza leo, swali la kwanza la hakimu litakuwa: siku ile ulikuwa wapi? Mara tatu, mzee. Sahihi yangu ipo mara tatu. Unataka nijifunge kamba shingoni kwa mkono wangu?"

"Nataka mama yule asirudi."

Alex alitazama nje. "Hata mimi nataka. Lakini sitaki kuwa mimi ndiye."

Kwa Dokta Ignatius jibu lilikuwa la upole zaidi, na kwa hiyo baya zaidi. Ripoti ilikwisha kwenda mkoani. Mabango yalikwisha kubandikwa hadi Sudi. Hospitali haiwezi kusema leo kuwa wanawake wanaanguka na kesho kusema hawakuanguka. "Nenda kaeleze kilichomo, Bwana Optatus. Usiongeze lako. Wewe si daktari."

Mahakamani palikuwa na joto, na panga boi lilizunguka bila kuleta upepo. Hakimu alikuwa mwanamama wa makamo, mwenye sauti ya chini. Kidawa alikaa benchi la kulia, mkono katika plasta. Abilahi alikaa la kushoto, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, mikono juu ya magoti, adabu tupu.

"Hizi alama ni za nani?" aliuliza hakimu.

"Ni zangu, mheshimiwa."

"Zieleze."

"Ya kwanza inasema imevunjika sehemu ya katikati ya mfupa mmoja wa kigasha, ule wa upande wa kidole cha mwisho."

"Na ya pili?"

"Inasema kuanguka kutoka mtini."

"Mara zote tatu?"

"Mara zote tatu. Lakini, mheshimiwa, naomba niseme jambo." Akauinua mkono wake, akaukunja mbele ya uso, kigasha nje. "Mtu akijikinga hivi, fimbo ikimpata hapa, huvunjika mfupa huo peke yake. Anayeanguka huvunjika kwingine. Nimeziona picha nyingi."

"Wewe ni daktari?"

"Hapana."

"Mtaalamu wa picha?"

"Hapana, mheshimiwa. Aliyenifundisha amefariki."

"Picha zenyewe ziko wapi?"

"Mgonjwa huondoka nazo, akazitunza nyumbani."

Hakimu alimgeukia Kidawa. Kidawa akasema, kwa sauti ambayo karani alimwomba airudie, kwamba nyumbani picha hazipo. Mume wake alizitia katika moto wa jikoni. Abilahi akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayemhurumia mgonjwa wa akili.

"Sasa nijibu kwa kiapo," hakimu alimwambia Optatus. "Mtu akianguka, mkono ukapiga gogo au jiwe, mfupa huo hauwezi kukatika hivyo hivyo?"

Hapo palikuwa na uongo mmoja mdogo ambao ungetosha. Optatus aliuona ulipo. Lakini alikuwa amekula kiapo kwa Biblia, na maisha yake yote aliyajenga juu ya kutoandika kisichokuwapo; sasa siku ambayo ukweli wake ungeweza kumwangamiza mtu, hakuwa na ufundi wa kitu kingine.

"Unaweza," alisema. "Ni nadra, lakini unaweza."

"Uliwahi kumwuliza tabibu?"

"Mara ya kwanza, kwa karatasi."

"Karatasi iko ndani ya faili?"

"Haitunzwi ndani ya faili, mheshimiwa."

"Na mara ya pili, na ya tatu?"

"Sikuuliza."

Abilahi aliomba ruhusa ya kusema. Aliinuka taratibu. "Mheshimiwa, mimi sina elimu. Najua tu kwamba hospitali yenyewe imebandika mabango, inawakataza kina mama kukwea mikorosho. Wasingekuwa wanakwea, serikali ingewakataza nini?"

Hakimu aliandika kwa muda mrefu. Aliposoma uamuzi wake hakumtazama mtu. Alisema kwamba mahakama inaweza kuwa na hisia zake, lakini mahakama haihukumu kwa kunusa. Kwamba mdai mwenyewe, mara tatu, mbele ya watumishi wa afya wasio na ugomvi na mtu, alieleza kuwa ameanguka. Kwamba ukatili haukuthibitika. Talaka haikutolewa. Wanandoa wakasisitiziwe subira na wazee wao.

Nje, Abilahi alikwenda kuwasha pikipiki. Kidawa alisimama kando ya ukuta, plasta imeegemea kifua, na Optatus akamwendea bila kujua atasema nini.

"Nisamehe, mama."

"Baba, mimi sikuwa na uongo ule," alisema Kidawa. Hakuwa na hasira. Ingalikuwa nafuu kama angalikuwa nayo. "Nilikuja na kweli yangu mkononi, ninyi mkaniambia haipokelewi. Mkanipa nyingine. Nikaichukua, kwa kuwa mkono uliuma. Leo mmenileta huku mnasema, huu uongo ni wa kwako."

Pikipiki ilipiga honi. Kidawa alipanda kwa shida, ubavu ubavu, akajishikilia kwa mkono mmoja kwenye kiti, asimguse aliyekaa mbele.

Tarehe ya kurudi kutazamwa plasta iliandikwa kwenye kadi yake: wiki ya sita, Jumanne. Jumanne hiyo Optatus alilitoa faili mapema, akaliweka juu ya mengine. Aliliangalia hadi dirisha lilipofungwa. Jumanne iliyofuata akalitoa tena.

Wiki ya nane alikuja Yasini. Alisimama dirishani bila salamu.

"Mume ameikata plasta kwa kisu cha kuchunia samaki, wiki ya tatu," alisema. "Alisema kupalilia hakungoji. Mfupa umejiunga upande. Vidole viwili havikunji. Jembe halishiki, kijiko hakishiki. Nimekwenda kumwona jana." Akavuta pumzi. "Nimekuja uandike."

"Siwezi, Yasini. Haiandikwi mpaka aje mwenyewe, aonwe."

"Niandike mimi, kaka yake, nimeona kwa macho yangu. Weka hata pembeni."

"Hapana pembeni. Hakuna mahali."

"Na akija?"

Upande wa pili wa ubao, Consolata alikuwa akimwita mgonjwa mwingine, mwanamke mwenye khanga ya manjano aliyeufunga mkono kwa kitambaa, na sauti yake ilikuwa ile ile ya huruma: sikia nikuambie, mdogo wangu.

"Akija," alisema Optatus, "ataulizwa swali hilo hilo."

Yasini alisikiliza hadi swali lilipokwisha, na hadi lilipojibiwa.

"Basi acha asije," alisema. "Avunjikie nyumbani. Huko angalau hakuna anayemwambia ameanguka."

Aliondoka kwa miguu, na Optatus akabaki ameshika faili. Kanuni inataka faili la mgonjwa asiyerudi lifungwe kwa maneno mawili. Aliyaandika kwa mwandiko wake wa kunyooka, "Hakuhudhuria tena," akaweka tarehe, kisha akaunyoosha mkono kulipokea faili la mwanamke wa khanga ya manjano, lililokuwa likisukumwa kwake kupitia uwazi wa ubao.